Vijana wa kaunta na hesabu za kichwa: waanzie wapi?

Kaunta_Mwanjelwa:
Wakuu, naomba msaada. Duka la mchele na maharage, Mwanjelwa, lina vijana wawili wa kidato cha nne. Ni waaminifu na wateja wanawapenda, lakini simu ikiisha chaji mauzo yanasimama. Bidhaa za 7,350 kwa noti ya 10,000, chenji inachukua dakika nzima. Jioni droo mara imepungua, mara imezidi. Wafundishwe nini kwanza bila kuwaaibisha mbele ya watu?

Mizani_Uyole:
Anza na chenji, na wasifanye hesabu ya kutoa kabisa. Wahesabu kwa kupanda kutoka bei hadi noti ya mteja. Weka 50, sema "elfu saba mia nne". Weka 100, "saba na mia tano". Weka 500, "elfu nane". Malizia na noti ya 2,000, "elfu kumi". Mkononi zipo 2,650. Ahesabu kwa sauti, mteja ahakiki palepale. Noti ya mteja ibaki juu ya kaunta hadi chenji ipokelewe. Ubishi wa "nimekupa kumi, siyo tano" huanzia kwenye noti iliyotumbukizwa droo mapema. Na asubuhi pawe na sarafu za kutosha, la sivyo njia hii inakwama.

Karani_Mafinga:
Droo inayozidi nayo ni kosa, kuna mteja kaumia. Tazama hiyo tofauti ya jioni. Ikiwa 5,000 kamili, shuku chenji. Ikigawanyika kwa 9, mfano 2,700, shuku tarakimu zilizopishana: 6,300 imeandikwa 3,600. Sifuri iliyopotea nayo huacha alama hiyohiyo: 28,000 ikiandikwa 2,800, tofauti ni 25,200.

Kosa baya zaidi ni la gramu. Kilo 2 na gramu 50 ni 2.050, kijana anabonyeza 2.5. Kwa bei ya 2,800 kwa kilo mteja anatozwa 7,000 badala ya 5,740. Wazoee kuandika gramu kwa tarakimu tatu, daima.

Simu msiwanyang'anye. Wakadirie kwanza, ndipo wabonyeze. Kilo 37 kwa 2,800 lazima iwe chini kidogo ya 37 mara 3,000, yaani 111,000. Kioo kikisema 10,360, warudie. Jibu kamili pia liko karibu: 37 mara 200 ni 7,400, punguza kwenye 111,000, inabaki 103,600.

Kaunta_Mwanjelwa:
Asante sana ndugu zangu. Jedwali la kuzidisha je, wakariri lote?

Mwl_Iringa:
La 2 hadi 9 linatosha, ila lisiwe la kwanza. Waanze na bei za duka lenyewe. Mchele 2,800: nusu 1,400, robo 700, robo tatu 2,100. Maharage 3,200: 1,600, 800, 2,400. Ni kukata nusu, kisha kukata nusu tena. Bei ikibadilika asubuhi, wazitafute upya wao wenyewe kabla ya kufungua.

Dakika 10 kila siku. Wiki ya kwanza chenji tu, ya pili vipimo, ya tatu kuzidisha. Usikate mshahara kwa makosa ya mazoezi, nakuomba sana. Kijana mwenye hofu hajaribu kichwa chake, anakimbilia simu. Na kila mmoja awe na droo yake, maana kwa droo moja hutajua nani anahitaji kurudia somo lipi.