Killer of Sheep na wimbo wa zamani: ruhusa kwanza au kamera kwanza?

MwanaHuruma: Wadau, nataka kushuti filamu fupi kuhusu mchinjaji wa mbuzi hapa Kiamaiko. Anatoka alfajiri, anarudi na damu kwenye gambuti, na usiku usingizi hauji. Waigizaji ni majirani. Wazo limetoka kwa Killer of Sheep, filamu ya Mmarekani Charles Burnett, ile ya Stan wa machinjioni kule Watts, Los Angeles. Pale anapocheza polepole na mkewe sebuleni, Dinah Washington akiimba, kisha anajitoa na kumwacha mama wa watu dirishani, nimeparudia hadi bando likaisha. Nami nataka zilizopendwa mahali kama hapo. Rafiki ananiambia niuweke tu wimbo, ruhusa itafutwe filamu ikishapata jina. Mnaonaje?

MhaririWaUmoja: Huyo rafiki anakupoteza, kaka. Burnett alishuti wikendi, akaiwasilisha UCLA, chuo kikuu cha kule Los Angeles, mwaka 1977 kama kazi ya chuo. Bajeti haikufika dola 10,000. Nyimbo hakuwa amezilipia, basi ikakosa kumbi za sinema hadi 2007, na haki za muziki zikagharimu kama dola 150,000. Piga hesabu mwenyewe. Wimbo mmoja una wenyewe wawili: mtunzi na mwenye rekodi. Kwa zilizopendwa utakuta mtunzi ameshafariki, watoto hawasemezani, studio ilifungwa zamani. Anza kuwatafuta leo, na upewe kwa maandishi. Ile leseni ya kupiga muziki kwenye baa isikudanganye, haihusu kuuweka wimbo kwenye filamu.

MamaPacha_Dandora: Mimi niliisinzilia, ukweli usemwe. Hadithi iko wapi? Lakini ile injini! Wanaume wawili wanaishusha ngazi kwa jasho, wanaiweka nyuma ya pikapu, hawaifungi, eti itakaa. Gari kuondoka tu, injini chini, imekwisha. Nilicheka halafu nikanyamaza, maana hela ya Stan ndiyo imeanguka. Ukipata kitu kama hicho Kiamaiko, hatutakudai hadithi. Ila bunduki na polisi tumechoka nazo, tafadhali.

MwanaHuruma: Asante mama, bunduki haimo. Mhariri, kuna mzee hupiga gitaa jioni nje ya kinyozi. Nikimrekodi yeye je?

MhaririWaUmoja: Kama wimbo ni wake, andikishaneni, umlipe. Akiimba wa mtu mwingine umeondoa suala la rekodi tu, mtunzi bado anakudai.