Naja Mjini siku mbili: sanduku la zamani, dele na mitumba. Nikague nini?

MtuWaChake

Assalaamu alaykum, wakubwa kwa wadogo. Nashuka bandari ya Malindi, Unguja, Jumanne jioni na narudi Pemba Ijumaa kwa boti ya asubuhi, kwa hivyo nina Jumatano na Alhamisi tu. Natafuta sanduku la Kizanzibari la zamani la kweli, urefu usizidi sentimita 110 kwa sababu ndiyo nafasi iliyopo chumbani. Pili nataka dele la shaba la kupikia kahawa, si la kupambia kabati. Muda ukibaki nitapita kwenye mitumba. Hofu yangu ni sanduku, maana naambiwa mengi yanayoitwa ya kale yametoka kwa fundi mwaka huu. Nitalijuaje? Na nikishalinunua, nitalifikishaje bandarini salama?

Seremala_wa_Mkunazini

Wa alaykumu salaam, karibu Mjini. Sanduku lishughulikie Jumatano asubuhi, kabla ya kitu chochote. Ukilipata siku ya kwanza, Alhamisi unaweza kurudi kulitazama tena kwa macho yaliyopumzika, na hamali utampata bila haraka. Anza Gizenga, nyuma ya Ngome Kongwe, uingie Hurumzi, umalizie Mkunazini. Kadiri unavyokaribia njia za wageni bei hupanda kwa kitu kilekile, kwa hiyo maduka ya mwanzo pita kwa kutazama na kuuliza tu. Chukua tepu ya kupimia, tochi ndogo, sumaku ndogo iliyofungwa uzi, kitambaa cheupe na karatasi nyeupe.

Omba lisogezwe mlangoni penye mwanga wa jua. Muuzaji akikataa kulitoa kwenye kona ya giza, aga kwa heshima ulitazame la duka jingine.

Usianze na uso, kwa sababu uso ndio uliosuguliwa ili ukupendeze. Anza chini. Omba lilazwe ubavu utazame sakafu yake. Ubao wa chini wa sanduku la zamani huwa mkavu, wa rangi ya kijivujivu, haujatiwa polishi, na mara nyingi una alama za msumeno wa mkono zisizo sambamba. Ukikuta chini pana rangi ileile nyeusi iliyopo juu, imepakwa. Ukikuta plaiwudi, sakafu imebadilishwa au sanduku zima ni jipya.

Kisha fungua kifuniko. Ndani huwa kweupe kuliko nje, kwa kuwa hakukupigwa mwanga wala mikono. Tazama mipasuko: ubao mpana hunywea kwa upana wake, urefu haubadiliki, kwa hiyo baada ya miaka mingi huonekana ufa mwembamba ukifuata nyuzi za mti, hasa pale misumari ilipouzuia usisogee. Ubao mpana usio na ufa wala mwanya hata mmoja unastahili maswali.

Misumari ya shaba inasema mengi. Ya zamani vichwa vyake havilingani sawasawa, na kuzunguka kila kichwa pana uchafu mweusi ulioganda. Vichwa vikifanana kama punje za tasbihi, na mbao kati yake ni safi, ni kazi mpya. Pitisha sumaku: shaba haivutwi, bati la chuma lililopakwa rangi ya shaba huvutwa. Lakini usihukumu kwa sumaku peke yake, maana yapo masanduku ya kale yenye bawaba na komeo za chuma tangu mwanzo. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta, ama bawaba imebadilishwa ama sanduku si la enzi unayoambiwa.

Kuzeesha mbao hufanywa kwa chai kali, wino, moshi hata asidi. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji, usugue sehemu iliyojificha nyuma ya mguu. Kikitoka na rangi ya kahawia, imepakwa karibuni. Maji tu, si spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha polishi ya kale pia na utamharibia mtu mali yake. Halafu jiulize mikono ilipita wapi. Uchakavu wa kweli upo ukingo wa mbele wa kifuniko, kuzunguka tumbuu na chini ya miguu. Uchakavu ulioenea sawasawa kila mahali umefanywa kwa msasa.

Ndani, upande mmoja, kwa kawaida pana kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Kwa baadhi yake kuna ubao unaovutwa juu na nyuma yake vidroo vya siri. Uvute taratibu. Ukikwama usiulazimishe, mbao hujaa unyevu wakati wa masika.

Miguu mipya si aibu. Miguu ndiyo inayooza kwanza kwa maji ya kudekia, na muuzaji anayekwambia mwenyewe kwamba imebadilishwa ni wa kununua kwake. Na neno moja la moyoni: sanduku jipya la msaji au mvule, lililofanywa na fundi anayekiri kuwa ni lake, ni kitu cha thamani na litafika kwa wajukuu. Ubaya ni kulilipia bei ya miaka mia.

MtuWaChake

Nashukuru sana, mwalimu wangu. Nikikuta vitundu vya wadudu niliache?

Seremala_wa_Mkunazini

Si lazima. Kitundu cheusi kisicho na unga ni cha zamani, mdudu keshatoka. Weka karatasi nyeupe chini, gonga ubao kwa ngumi mara tatu nne. Ukidondoka unga mpya wa rangi ya maziwa, wamo. Linatibika: dawa ya mbao kwa sirinji tundu kwa tundu, kisha brashi upande wa ndani na chini, ulifunge kwa nailoni wiki mbili. Ila lisiwekwe karibu na fanicha nyingine kabla ya hapo, na bei ishuke kwa kazi hiyo. Ukibonyeza kwa kucha na ubao ukazama, usinunue, umekuwa mtupu ndani.

Bi_Kahawa

Dele niachieni mimi. Mwanangu, kwa kupikia tazama ndani kabla ya nje. Dele la shaba hupakwa bati ndani, lile lenye weupe wa fedha iliyofifia. Bati likiisha ukaona wekundu au kutu ya kijani, shaba itaingia kwenye kahawa, na kwenye kitu chenye uchachu itaingia zaidi. Haliharibiki kwa hilo, fundi hulitia bati upya, lakini usipikie mpaka litiwe. Ukishalitia usilibandike motoni tupu, bati huyeyuka kwa joto la nyuzi 232 tu, na moto wa mkaa unapita hapo kwa mbali.

Lijaze maji pale dukani, ulipanguse nje, uliweke juu ya karatasi kavu dakika tano. Linapovuja huvuja kwenye ungio la kitako na pale mdomo ulipounganishwa na tumbo. Ungio lililozibwa kwa gundi nyeusi au kwa risasi waachie wa kupambia. Mkono utikise, na kifuniko kikae bila kucheza.

Kusafisha nje, ukwaju uliolowekwa au ndimu na chumvi, dakika chache, kisha suuza na ukaushe hapo hapo. Ukiiacha ndimu muda mrefu juu ya shaba ya manjano, zinki hutoka na kubakia madoa ya waridi ambayo hayaondoki kwa kusugua.

Hapo hapo utaonyeshwa sarafu. Pesa za shaba za Sayyid Barghash, zenye mizani upande mmoja na mwaka ١٢٩٩, yaani 1299 Hijria, sawa na 1882, ni za kweli kwa wingi na hazistahili bei ya kutisha. Reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 isikushangaze: mwaka huo ulibakizwa kwenye chapa zote zilizopigwa baadaye, karne kwa karne, kwa hiyo haukwambii umri wake. Uzito unakwambia zaidi, gramu 28 na kidogo. Mwenye mizani ya dhahabu atakupimia. Ikiwa nyepesi sana au inavutwa na sumaku, irudishe.

Sahani na vikombe vya kaure vigonge kwa kucha. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hulia butu hata kama ufa hauonekani.

Mpekuzi_Saateni

Mitumba: Alhamisi asubuhi, Saateni kisha Mwanakwerekwe. Uliza nani anafungua robota siku hiyo, na uwepo linapokatwa kamba. Nguo nzuri huondoka mwanzo na bei huwa ya juu, mchana zilizobaki hushushwa rundoni. Anayetaka kitu kimoja kizuri aende mapema, anayetaka nguo nyingi za watoto asubiri rundo.

Pa kujaribia hakuna, kwa hiyo jipime nyumbani. Tandaza nguo, pima kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili. Sentimita 52 zikiwa bapa ni 104 kifuani. Namba ya kwenye lebo usiitegemee, nguo imeshafuliwa mara nyingi na imenywea.

Inua kitambaa kwenye jua: pale kilipolika mwanga hupenya, hasa mapajani ndani na kwapani. Vuta lastiki. Ikitoa mlio wa kukatika, imekufa. Zipu ifunge na kuifungua mara tatu. Kwa wanaotafuta za kale: fulana yenye mshono wa uzi mmoja kwenye pindo la chini na mikono mara nyingi ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, na jinzi za Levi's zenye jina kwa herufi kubwa zote kwenye kijitepe chekundu cha mfukoni ni za mtindo uliokoma 1971, ingawa kampuni yenyewe imeurudisha kwenye nguo za kuiga za zamani. Hariri ipime kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye pindo kwa ndani: ukiunguzwa, hariri hunuka nywele na majivu yake husagika, poliesta huyeyuka ikawa kitone kigumu.

Viatu vikunje. Soli za povu hufa kwa unyevu hata kiatu kikiwa hakijavaliwa, na kwa hewa yetu humung'unyika wiki ya kwanza. Ukiona nyufa kwenye kunjo, acha.

Jambo moja ni la afya. Nguo zinazonuka vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo zianikwe siku mbili tatu, zifuliwe, ndipo zivaliwe, na mtoto mchanga asivishwe hata kidogo kabla ya hapo. Nafthalini huvunja chembe nyekundu za damu kwa wenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, hali iliyo ya kawaida kwetu, na mtoto huweza kupata manjano kali. Sanduku la zamani nalo lifunguliwe lipepewe, huenda lilijazwa vidonge hivyo miaka.

Hamali_Mstaafu

Kusafirisha. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari, ni gari la hamali hadi Malindi. Patana bei ya mpaka mzigo uingie botini, si mpaka getini. Pima pia mlango wa nyumbani kwako.

Kama miguu inatoka, itoe. Funga kifuniko kwa kamba, ufunguo uwe mfukoni mwako. Libebwe kutoka chini, watu wawili, kamwe si kwa mikono ya pembeni: misumari yake hung'oka na ubao ukapasuka. Zungushia blanketi au mikeka, juu yake nailoni, kwani chumvi ya bahari hugeuza shaba kijani. Ukifika Pemba toa nailoni siku hiyo hiyo, jasho lililofungiwa huotesha ukungu.

Mwingine anayesoma hapa na anataka kupeleka nje ya nchi: kabla ya kulipa, nenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale uulize kibali. Chochote chenye pembe ya ndovu au magamba ya kasa kiache. Na milango ya nakshi iliyong'olewa kwenye nyumba za Mji Mkongwe msinunue, jamani, hata ikiuzwa rahisi. Kila mlango ukinunuliwa, mwengine unang'olewa.

MtuWaChake

Allah awalipe kheri. Nimeandika orodha: tepu, tochi, sumaku, kitambaa, karatasi. Bi Kahawa, fundi wa kutia bati nimtafute Mjini au kwetu Chake, Pemba?

Bi_Kahawa

Mjini, mwanangu, na umpelekee Jumatano hiyo hiyo ukishalipata dele. Mwambie ni la kupikia, asugue shaba hadi ing'ae kabla ya kupaka, la sivyo bati halishiki. Alhamisi lijaribu kwa maji yanayochemka pale pale kwake.