Bustani ya "historia ya usafiri" mtaani kwetu: nani kawaambia Mbeya ilikuwa na treni ya mvuke?

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu na naandika nikiwa na hasira, herufi zikiruka mnisamehe.

Jumapili tuliitwa mkutano wa mtaa. Lile eneo wazi ambalo watoto wamekuwa wakicheza chandimu tangu sisi wenyewe tuko wadogo limepata hela, linageuzwa bustani, na tukaambiwa mada yake ni historia ya usafiri wa hapa kwetu. Mimi nilifurahi jamani. Nimekulia mtaa ambao usiku ukiwa kimya unasikia honi ya treni mpaka kitandani, baba yangu kafanya kazi relini mpaka anastaafu, marehemu mjomba alikuwa utingo wa malori ya Zambia. Nikaoga nikaenda mapema nikakaa benchi la mbele kabisa na daftari.

Ikabandikwa picha ya kompyuta. Katikati ya bustani kuna sanamu kubwa ya treni nyeusi ina bomba la moshi, magurudumu mekundu, moshi mweupe unatoka juu. Treni ya mvuke. Mbeya. Nilidhani naona vibaya nikasimama nikasogea karibu, ni hiyo hiyo.

Sasa nawaomba wahusika wanisikilize vizuri. Reli iliyofika hapa ni moja tu nayo ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, mataruma (ile mihimili inayolala chini ya vyuma vya reli) na vyuma vikakutana mwaka 1975, ikakabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na tangu siku ya kwanza imevutwa na injini za dizeli, za mwanzo zililetwa kutoka China. Kabla ya hapo Mbeya haikuwa na reli yoyote. Mvuke ni historia ya wenzetu wa Tanga na wa reli ya kati, Mjerumani alifikisha reli Kigoma mwaka 1914 lakini huku nyanda za juu hakufika nayo, watu wa huku waliendelea kutembea kwa miguu. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu akipelekwa pale na mwalimu wake akaambiwa hii ndiyo treni ya babu zenu, atakuwa amedanganywa, tena kwa hela ya umma, na uongo wenyewe umejengewa zege chini hauondoki leo wala kesho.

Kilichoniuma zaidi ni reli iliyochorwa chini ya hiyo sanamu. Mataruma ya mbao. Baba yangu alikuwepo mkutanoni, ana miaka zaidi ya sabini, akanishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hayo siyo ya kwetu. Mataruma ya Tazara njia karibu yote ni ya zege, na kokoto machimbo yake yapo hapa hapa Mbeya, Kongolo. Mnaelewa maana yake? Jiwe la mkoa huu limelala chini ya hiyo reli mpaka mbali huko. Hicho peke yake ni kitu cha kumwonyesha mtoto, unaweka rundo la kokoto na taruma moja la zege aliguse kwa mkono, gharama yake ndogo kuliko hiyo sanamu ya faiba ambayo ikipigwa na jua na mvua misimu miwili rangi yote imebanduka.

Na upana wa reli nao wameutoa hewani. Reli ya Tazara ina upana wa milimita 1,067, ile ya zamani ya reli ya kati ni 1,000, na hii mpya ya SGR ni 1,435. Wengine mtaona ni namba tu lakini hizo namba ndizo zilizofanya behewa la Tazara lisiweze kuingia moja kwa moja reli ya kati, mpaka mizigo ikawa inahamishwa pale Kidatu kutoka behewa hili kwenda lile. Mimi nilisimama nikapendekeza kitu rahisi sana: vilazwe chini vipande vitatu vya reli sambamba, kila kimoja kwa upana wake halisi, mtoto avuke kwa hatua zake mwenyewe aone tofauti. Hakuna skrini, hakuna umeme, hakuna cha kuharibika. Nikaambiwa wazo zuri lakini mchoro umeshapita. Umeshapita wapi? Kwa nani? Wenye mtaa ndio kwanza tunauona siku hiyo.

Halafu kuna hili la Uyole ambalo mpaka leo nikilifikiria nachukia. Sehemu ya juu kuliko zote kwenye njia nzima ya Tazara, kutoka baharini mpaka Zambia, iko Uyole, mita 1,789 na ushee kutoka usawa wa bahari. Uyole hii hii tunayopandia vipanya. Treni inatoka Dar usawa wa bahari, inavuka Kilombero, inaanza kupanda Mlimba kwenda Makambako, ule mlima ambao ndio uliwatesa wajenzi kuliko kipande kingine chochote, mahandaki na madaraja yamefuatana, daraja la mto Mpanga peke yake limesimama kwenye nguzo za mita 50, halafu inakuja kufikia kilele chake hapa kwetu. Eneo letu la bustani lina mteremko wa asili. Ungeweza kutengeneza njia ya miguu inayopanda taratibu, pembeni kila hatua kadhaa kibao kidogo, Dar, Mlimba, Makambako, na pale juu kabisa Uyole, katikati kihandaki kifupi cha zege watoto wapite wakipiga kelele wasikie sauti inavyorudi. Wao wamefanya nini? Kwenye mchoro ule mteremko unasawazishwa wote kwa greda ili iwekwe marumaru. Marumaru! Mvua ya Mbeya inaanza Novemba inakatika Aprili na kuendelea, bibi akikanyaga ile marumaru na kandambili zake Januari atalala hospitali ya Rufaa.

Barabara ndiyo kabisa hawana habari nayo. Kuna kona moja wamechora gari dogo la michezo jekundu, halina hata mlango wa nyuma, sijui limeingiaje kwenye historia ya Mbeya. Yaani mji huu ulianza kukua kwa ajili ya dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1920 na 1930, watu wamepanda ile milima na mizigo kichwani, huoni mpagazi hata mmoja kwenye huo mchoro. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965 Zambia ikakosa njia ya uhakika ya kupitisha shaba na mafuta, malori yakaanza kukimbiza mapipa kutoka Dar kupitia Kitonga, Iringa, Makambako, hapa kwetu, mpaka Tunduma, barabara ya vumbi kiangazi na tope masika, wazungu wenyewe waliiita njia ya kuzimu. Mjomba alikuwa kijana kabisa kwenye Fiat, kazi yake lori likishindwa mlima ni kuruka chini na gogo aliweke nyuma ya tairi kabla halijarudi, na alituambia wapo wenzake ambao gogo lilichelewa. Hakuna picha yao popote. Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 70 na bomba la mafuta la kwenda Zambia, TAZAMA, lilianza mwaka 1968, linapita ardhini nyanda hizi hizi, watu wanalima mahindi karibu na alama zake na hawajui kilichoko chini. Reli, lami, bomba, vitu vitatu kwa sababu moja, ndani ya miaka kumi tu, na vyote vimepita hapa. Ni mji gani mwingine unaweza kusimulia hivyo?

Hata ndege. Imperial Airways ilipofungua safari ya London mpaka Cape Town mwaka 1932 ndege zilikuwa zinatua Mbeya. Kile kiwanja cha zamani cha mjini kimetumika mpaka Songwe ilipofunguliwa mwaka 2012, wengi humu mmewahi kukimbilia kwenye uzio kuangalia ndege inashuka. Mchoro una ndege, ndio, ile kubwa yenye injini nne, imewekwa kwa ajili ya watu kupiga selfi.

Na mabasi ya KAMATA, yale ya kampuni ya taifa, je? Landrover 109 zilizokuwa zinabeba watu kumi na tano na kuku kwenda vijijini ambako gari lingine halipandi? Mama zetu wa Tukuyu na mikungu ya ndizi? Baiskeli ya mkaa inayosukumwa siku nzima? Kirikuu, guta, bajaji zilizojaa Kabwe na Mwanjelwa? Hao ndio usafiri wa hapa, na wengine ni majirani zetu, wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Juni na koti la mtumba wanaenda kutafuta hela. Kwenye mchoro hawana hata sehemu ya kuegesha. Dereva bajaji wa mtaa akisimama pembeni ya bustani inayojiita ya usafiri atafukuzwa na mlinzi, niwekeeni alama hapa mtakuja kuniambia.

Maandishi kwenye vibao yote ya Kiingereza. Niliuliza kwa heshima kabisa, mwenyekiti naomba nieleweshwe, vibao hivi vitasomwa na nani. Nikajibiwa watalii. Sawa watalii waje, karibu sana, lakini mtaa wetu toka nizaliwe watalii niliowaona ni wale waliopotea njia wakitafuta stendi. Mzee mstaafu aliyebeba zile reli begani atasimama mbele ya kibao kinachomhusu yeye na hawezi kukisoma.

Mijakaranda miwili inakatwa pia, inaziba sanamu.

Hasira yangu haiko kwa mchoraji peke yake, yule kijana inaonekana hajawahi kuja hata kukanyaga eneo, amepewa kazi amefanya alivyojua. Hasira yangu ni kwa waliompa kazi wakashindwa kumtafutia gari la siku moja tu aje akae na wazee. Wazee wa relini wapo, wanakaa pale kibandani kila jioni wanacheza bao, wanajua kila kituo kwa jina na kila kona treni inapopunguza mwendo. Kila mwaka tunazika wawili watatu. Septemba 2024 kule Beijing marais wa nchi tatu wamekaa wakashuhudia makubaliano ya kuifufua hii reli, dunia nzima inaikumbuka Tazara, sisi tunaokaa pembeni yake tunasimika treni ya katuni.

NYONGEZA: Kuna wawili wamenijibu kwamba nishukuru tumepata bustani mitaa mingine hawana hata bembea. Nimewaelewa na bembea naitaka, wanangu wanacheza pale pale. Lakini hela ya bembea, vivuli, mabenchi na mifereji ndiyo imeliwa na hiyo treni, nimeuliza idadi ya mabenchi nikaambiwa manne. Manne kwa mtaa mzima, na hakuna hata kibanda kimoja cha kujikinga mvua.

Mwingine kauliza kama kuna nafasi ya kubadilisha chochote. Nimeambiwa ikiandikwa barua ya pingamizi yenye majina ya wakazi ikifika kabla kazi haijaanza wanalazimika kuitisha kikao tena. Barua nimeshaianza, baba kaniandikia kwa mkono ukurasa mzima kuhusu mataruma na vituo, na majirani kumi na nane wameshasaini tangu jana. Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana pale pale uwanjani chini ya mijakaranda. Naenda na futi kamba na chokaa, tutachora chini upana halisi wa reli na urefu wa behewa ili kila mtu aone kwa macho. Mwenye picha ya zamani ya stesheni, tiketi, kofia ya kazi, taa ya kuashiria treni, kibao cha basi la KAMATA, chochote kile, aje nacho, tutapiga picha tuambatanishe halafu arudi nacho nyumbani kwake. Wenye wazee wasioweza kutembea mbali niambieni inbox, kuna jirani wa bajaji kajitolea kuwafuata bure.