MJADALA: Video ya wavuvi waliohamishwa ianzie ufukweni au ukumbini?

Diko Kongwe: Wadau, kuna video ya sanaa ya skrini tatu kuhusu wavuvi wa kusini: Likong'o ya Lindi waliopisha mradi wa gesi, na Msimbati ya Mtwara iliyomo ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000. Nasikia inaanzia ukumbini Dar. Mimi nasema ianzie kwa wenyewe, ufukweni, irushwe juu ya tanga la chombo. Mnasemaje?

Fundi Taa: Tanga linapendeza kwenye tangazo tu. Projekta ya lumeni 3,000, picha ya mita 4 kwa 3, unapata mwanga wa laksi 250. Ukizidisha upana na kimo mara mbili inabaki robo. Kitambaa cha marekani cha tanga kinavujisha mwanga nyuma, na kusi ikivuma uso wa mtu unapumua. Heri shuka mbili nyeupe zishonwe, zikazwe kamba juu na chini. Jenereta ikae mbali, upepo unakoelekea, la sivyo mtasikiliza jenereta. Ila nimecheka: kwenye video kina mama wanachokoa pweza mwambani, maandishi yanasema "bamvua, saa kumi jioni". Pwani gani hiyo?

Mwamba Mkavu: Watu wameondolewa kwao, kaka, wewe umeshika saa!

Fundi Taa: Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, maji yanakauka saa nne, saa tano asubuhi. Saa kumi yamejaa. Pweza anakuchungulia toka chini, mita tatu.

Binti Shangani: Saa kumi maji hupwa siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kachanganya tu.

Fundi Taa: Maji mafu hayafunui mwamba wa nje, bibie.

Mwamba Mkavu: Haya, profesa wa kupwa na kujaa. Umewahi hata kulowa?

Karani: Jamani, fidia. Nyumba inathaminiwa, mnazi unahesabiwa, diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, je? Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinalipa faida ya mwezi mara 36, lakini ya biashara iliyo juu ya ardhi, tena hesabu zilizokaguliwa zinaweza kudaiwa. Mwenye ngalawa azitoe wapi? Video imelipita hilo kwa sekunde tano.

Mwamba Mkavu: Sekunde tano ulizipima na saa ya Fundi?

Binti Shangani: 😂😂 Mbona baruti nayo haimo? Au wavuvi wote malaika?

Mwamba Mkavu: Nilijua tu! Akifukuzwa mvuvi, mtu atataja baruti.

Binti Shangani: Naitaja kwa sababu ipo. Samaki wengi wanazama, kibofu cha hewa kimepasuka, wanaookotwa ni wachache. Tumbawe linabaki kifusi, mawimbi yanakiviringisha, matumbawe machanga hayana pa kushika. Hiyo picha tosha, haihitaji maandishi.

Mwamba Mkavu: Tengeneza yako basi, dada.

Diko Kongwe: Mimi niliuliza tanga au ukumbi.

Fundi Taa: Shuka, mzee. Na msiweke usiku wa giza: wavuvi wa dagaa wote wako baharini na taa zao, mtawaonyesha watoto na mbuzi. Wekeni mbalamwezi, wako nyumbani. Mwezi mpevu haufiki hata laksi moja, picha haiharibiki. Saa mbili usiku maji ya bamvua yanarudi nyuma, viti havilowi.

Mwamba Mkavu: Bamvua tena!