Kidato cha pili wanataka kuandika igizo lao wenyewe, nianzie wapi?

MwalimuMgeni
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimehamia Tanga mjini mwaka huu na nimekabidhiwa klabu ya sanaa. Vijana ni thelathini na kitu. Nataka watunge igizo lao la dakika kumi hivi, walicheze kwenye mahafali ya kidato cha nne. Nikawaambia kila kundi lije na hadithi. Wamekuja na hadithi ileile: binti kapata mimba, baba kamfukuza, binti kaenda mjini, kaugua, kafa, kisha mmoja anawageukia watazamaji na kuuliza "ndugu wazazi, tumejifunza nini?" Makundi matano, makaburi matano. Wavulana wote wanataka kuwa mlevi, wasichana hawafungui mdomo. Mkuu wa shule naye anasisitiza igizo liwe na mafunzo. Muda wangu ni Jumatano baada ya vipindi, na ikifika saa kumi wengi wanawahi madrasa. Nisaidieni.

Kibajaji
Mwalimu, mlevi usimguse. Mahafali bila mlevi watu wanauliza pilau iko wapi.

BiMkubwa_Ngamiani
Karibu Tanga mwanangu. Wanasema waja leo waondoka leo, ila walimu tunawaombea mkae.

Mimi nilisomea sanaa Bagamoyo, enzi hizo bado ni Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mwaka 2007. Tangu nirudi nyumbani, Jumamosi asubuhi nakaa na vijana wa mtaa wetu, tunaigiza uani kwangu. Kwa hiyo haya nayaona kila wiki.

Usiwaombe hadithi. Kijana wa miaka kumi na tano ukimwomba hadithi anakupa ile anayodhani mwalimu anaitaka, na hiyo ya makaburi kaiona kwenye kila mahafali tangu yuko darasa la tatu. Mpe watu wawili na kitu kimoja. Mimi hupenda baiskeli, maana Tanga hii nani hajagombania baiskeli? Kaka anayo, dada anaitaka sasa hivi. Masharti mawili: kaka haruhusiwi kukataa waziwazi, dada haruhusiwi kusema anakwenda wapi. Basi, wasimame wacheze. Kalamu hakuna, wenzao wakae chini watazame.

Kundi moja la kwangu lilitoa hivi:

DADA: Ina upepo?
KAKA: Gurudumu la mbele.
DADA: La nyuma nitajaza kwa fundi.
KAKA: Fundi kafunga.
DADA: Mbona nimemwona sasa hivi?
KAKA: Umemwona wapi, na mama kakwambia usitoke?
(Dada kimya. Anaufungua mtandio, anaufunga upya.)

Huo mtandio hakuna aliyemwelekeza. Binti alikosa jibu, mikono ikajitafutia kazi, na uani kote watu wakainua shingo: huyu katoka wapi? Hapo igizo limeshaanza. Tulipowauliza alikotoka, hakuna aliyetaja mimba. Walisema anauza kashata stendi bila mama kujua, anadunduliza hela ya viatu. Na kaka je? Kaka anajua siku nyingi, ila mama akigundua ataulizwa yeye kwa nini hajasema. Tayari una watu watatu, na wa tatu hajaingia hata jukwaani.

Kuandika kunafuata. Rekodi kwa simu yako, wasikilize, waandike kilichosemwa, halafu wakate nusu. Hapo patawaka moto, kila mtu anatetea maneno yake. Waache wagombane, ndiyo wanajifunza. Waandike wanavyozungumza nyumbani. Kalamu nyekundu ni ya insha, humu isiingie.

Wasichana wako, watenge kwanza wafanye zoezi peke yao, mlango umefungwa. Wakishachekana wenyewe kwa wenyewe, kuwachanganya na wavulana hakukusumbui. Na mlevi apigwe marufuku wiki mbili za mwanzo, Kibajaji utanisamehe.

Kuhusu mkuu wa shule: mwambie mafunzo yatatoka kwenye mjadala baada ya igizo. Kama ana wasiwasi, mtajie Tuseme, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996. Wasichana wa sekondari walichambua wenyewe matatizo yao, wakayatungia maigizo, wakaonyesha, kisha watu wakajadili. Augusto Boal, mtu wa tamthilia kutoka Brazili, alikwenda mbali zaidi: mtazamaji akiona mhusika kakosea, anaruhusiwa kupanda jukwaani achukue nafasi yake na kujaribu njia nyingine. Hebu fikiria mzazi mmoja kwenye mahafali akiingia kuwa kaka.

MwalimuMgeni
Shikamoo Bi Mkubwa, ahsante sana. Jana nimejaribu. Mimi niliwapa chaja moja ya simu na wapangaji wawili, umeme unakaribia kukatika. Binti mmoja ambaye sikuwahi kusikia sauti yake alikaa juu ya chaja, akakataa kuinuka, darasa zima likalipuka. Mkuu kakubali mjadala, ila dakika tano tu, mgeni rasmi asichelewe. Sasa shida yangu ni sauti. Tutacheza uwanjani chini ya mwarobaini, na kipaza sauti ni kimoja.

Mstaafu_Bagamoyo
Kizime hicho kipaza sauti. Ukikiacha, waigizaji watajipanga mbele yake kama ndoo bombani, na igizo lako litakuwa risala. Wazungushe watazamaji nusu duara, wadogo kwenye mikeka mbele, karibu kabisa. Upepo uwapige waigizaji mgongoni uende kwa watu. Ukiwa kinyume, maneno yote yanarudi nyuma. Huku pwani siyo jambo dogo, kagua saa ileile mtakayocheza, maana upepo wa asubuhi na wa alasiri ni tofauti. Jua nalo lisiwapige watazamaji usoni. Maleba na mapazia achana nayo: benchi moja na hiyo chaja vinatosha.

Ila Bi Mkubwa, hapo kwenye kuandika sikubaliani nawe. Hawa ndio wanaanza. Wakipewa karatasi wanakariri, wakisahau neno moja wanaganda wima. Waache wajue tu nani anataka nini na nani anaingia saa ngapi, mengine wayaseme papo hapo.

BiMkubwa_Ngamiani
Marahaba Mwalimu. Huyo wa kukaa juu ya chaja usimpoteze.

Kaka yangu wa Bagamoyo, kuganda naijua, na dawa yake ni siku ya mwisho ya mazoezi kuwanyang'anya karatasi. Lakini lazima liandikwe. Kijana akisema papo hapo, wiki ijayo mwenye mdomo mkubwa kameza nafasi ya wenzake, na yule binti aliyekaa kimya juu ya chaja kasukumwa pembeni. Kwenye karatasi kimya chake kimeandikwa, hakuna wa kumnyang'anya. Tena mwakani kidato cha pili wapya watalichukua walicheze, na chini yapo majina ya waliolitunga. Mwalimu, piga nakala mbili, moja iweke maktaba. Majina yote yawepo, hata ya aliyeshika benchi.