Mshirika wetu anashambuliwa na kabila tulilowekeana nalo mkataba. Tusimame wapi?

Mjumbe wa K45

Wakuu, habari za usiku. Nahitaji mawazo ya watu waliowahi kukalia kiti cha ubalozi, na nayahitaji kabla ya keshokutwa asubuhi.

Nacheza Tribal Wars, mchezo wa mtandaoni wa makabila yanayotekana vijiji, dunia ya kasi ya kawaida. Kabila letu ni dogo, wanachama 22, tumejazana K45 (K na namba yake ni eneo la ramani) na vijiji vichache vimeshukia K55. Haki ya diplomasia ninayo mimi, kwa hiyo kila barua inayotoka nje inatoka kwa mkono wangu.

Tuna majirani wawili. Wa mashariki, K46, tumekuwa nao tangu wiki ya kwanza. Tulipokuwa na kijiji kimoja kimoja walitutumia udongo na chuma bila kuombwa. Mkataba wetu nao una mstari mmoja: "Mmoja akishambuliwa, mwenzake atatuma msaada." Wa kaskazini, K35, ni kabila kubwa, pointi zao ni mara tatu ya zetu. Nao tuna mkataba wa kutoshambuliana, na lazima niseme ukweli kwamba wameuheshimu. Miezi miwili hii hata mpelelezi mmoja hajavuka mpaka.

Wiki iliyopita kaskazini wamewavamia mashariki, na chanzo ni kijiji kimoja. Mchezaji mmoja wa kaskazini aliacha mchezo, vijiji vyake vikabaki bila mwenyewe, mtu wa mashariki akapeleka mwinyi (ndivyo tunavyomwita yule askari anayeshusha uaminifu wa kijiji hadi kibadili mikono) akakichukua. Kaskazini wanasema walishaonya kwamba vijiji vya mwenzao visiguswe. Mashariki wanasema hawakuambiwa. Nimezisoma barua za pande zote mbili. Onyo lilitumwa kweli, ila lilitumwa kwa kiongozi ambaye hakuwa ameingia kwenye mchezo kwa siku nne.

Usiku ule ule nilituma msaada, askari wa mikuki 6,000 na wa panga 5,000 kutoka kwa wanachama watano, ukaingia kijiji cha mbele cha mashariki, umbali wa miraba 14 ya ramani. Leo asubuhi wamepigwa. Tumepoteza mikuki 1,900 na panga 1,300, kijiji kimebaki. Saa mbili baadaye balozi wa kaskazini akaniandikia: ondoeni askari ndani ya saa 48, la sivyo mkataba umekufa.

Ndani tumegawanyika. Mwenzetu mmoja vijiji vyake vyote 11 viko mpakani na kaskazini. Ameniandikia hivi: "Wewe uko nyuma. Ukuta ni mimi." Sina jibu la kumpa.

Je, kumlinda mshirika ni kuvunja mkataba wa kutoshambuliana? Na nikiamua kuwatoa askari, namwambiaje mtu aliyenilisha nikiwa na kijiji kimoja?

Mkulima wa Mpakani

Watoe, mkuu. Mshirika wako ndiye aliyeanza, hata kama barua ilimkuta kiongozi amelala. Mnapigana vita ambayo si yenu, kwa kijiji ambacho si chenu, dhidi ya kabila ambalo halijawakosea kitu kwa miezi miwili. Huyo mwenye vijiji 11 yuko sahihi. Nimewahi kuwa yeye. Viongozi walipitisha azimio zuri sana kwenye jukwaa letu, na mimi nikaamka nina mashambulizi 340 yanayokuja, na waliopiga kura ya ndiyo wote wako umbali wa siku nzima.

Balozi Mstaafu

Mjumbe, kwanza weka hapa maneno kamili ya mkataba wenu na kaskazini. Si unavyoukumbuka wewe, maneno yenyewe.

Mjumbe wa K45

"Hatutashambuliana, hatutapelelezana, hatutateka kijiji cha mwenzetu." Basi. Hakuna kipengele cha msaada wala muda wa kutoa notisi.

Balozi Mstaafu

Sawa. Basi kwa maandishi hujavunja chochote. Hujashambulia. Askari wako walikuwa wamesimama ndani ya kijiji cha mtu mwingine, wakajiwa. Lakini usimpelekee balozi wa kaskazini hoja hiyo kana kwamba mko mahakamani. Yeye ana watu wake waliopoteza askari wa mashoka kwenye ukuta wenye panga zako, nao wanamwuliza kila saa anafanya nini. Mchezo wenyewe haumlindi mtu. Kuliweka kabila kwenye orodha ya mikataba kunabadilisha rangi yake kwenye ramani, basi. Kinachozuia shambulio ni mtu wa upande wa pili kuamini kwamba ulichoandika ndicho utakachofanya.

Sasa hilo la pili uliloliuliza, ambalo kwangu ndilo zito.

Nilikuwa balozi kwenye Travian kwa sava kadhaa. Kama hujaucheza, kuna jambo moja ulijue: kule askari wa msaada wanakula nafaka ya kijiji walichomo. Si ya kwako uliyewatuma, ya mwenyeji. Nafaka ikiisha, askari wanakufa njaa.

Mshirika wetu alizingirwa, tukampelekea askari wapatao 9,000. Baada ya hapo kabila letu likaingia kwenye mabishano kama yenu haya haya. Aliponiuliza nilimjibu, "Tunalijadili." Siku ya pili nikamjibu hivyo hivyo. Sikuwa nadanganya, tulikuwa tunalijadili kweli. Usiku wa tatu kura ikaisha, tukawatoa saa tisa usiku, nami nikaenda kulala nikiwaza kwamba barua ya heshima itasubiri asubuhi.

Kumbe siku zote tatu yeye alikuwa anawalisha wale 9,000. Kila saa anaingia, anahamisha nafaka kutoka vijiji vyake vya nyuma, anapunguza chakula cha askari wake mwenyewe ili wetu wasife, kwa sababu kimya changu alikisoma kama ndiyo. Mia kadhaa wa kwake walikuwa wamekwisha kufa njaa tulipoondoka. Mashambulizi yalifika alfajiri. Kijiji kikaenda.

Nilitegemea matusi. Aliniandikia mstari mmoja: "Ungeniambia Jumatatu, ningewalisha wangu."

Kura yetu sikuijutia. Tulikuwa na haki ya kuwatoa, na pengine ilikuwa sahihi kuwatoa. Ninachokijutia mpaka leo ni zile siku tatu, kwa sababu zile zilikuwa zangu peke yangu, hakuna aliyezipigia kura.

Kwa hiyo usiku huu, kabla hamjakubaliana chochote, mwandikie kiongozi wa mashariki. Mwambie wazi: tumepewa saa 48, zinaisha saa fulani, kabila limegawanyika, hesabu ulinzi wako kana kwamba sisi hatupo, tukibaki, hiyo itakuwa nyongeza. Muulize pia kama yuko tayari kukirudisha kile kijiji au kukilipia. Amesimama vitani wiki nzima, huenda hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza hilo kwa upole. Kisha mwandikie wa kaskazini, muulize swali moja: kwenu msaada ni shambulio? Ajibu kwa maandishi. Akisema ndiyo, omba saa 72 za notisi, ambazo mlipaswa kuziweka siku ya kwanza. Wengi wanakubali, kwa sababu hata wao wanahitaji muda wa kupanga.

Mshika Saa

Naongezea upande wa hesabu, maana naona mnaongea kama kwamba ni lazima askari walale kule kule.

Kwa kasi ya kawaida, upanga unatembea dakika 22 kwa mraba, mkuki 18, gogo la kubomolea ukuta 30, mwinyi 35. Msafara unakwenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Kwa miraba 14, panga zenu zinafika kwa saa 5 na dakika 8. Mwinyi akitoka umbali huo huo anachukua saa 8 na dakika 10, msafara wenye magogo saa 7 kamili. Maana yake mkiliona shambulio la mwinyi dakika linapotoka, mna takriban saa 3 za ziada. Farasi wazito ni dakika 11 kwa mraba, saa 2 na dakika 34, hao mnaweza kuwashikilia hadi mwisho kabisa.

Kwa hiyo watoeni. Wakae nyumbani, wamlinde na huyo mwenye vijiji 11. Mwinyi akionekana njiani, wanatoka. Kinachotakiwa ni zamu ya watu walio macho, na mashariki wawape saa ambayo kila shambulio limeonekana kwa mara ya kwanza. Mchezo haukuambii ndani kuna askari gani, lakini muda uliobaki linapojitokeza tu unakuambia mwendo, na mwendo unakuambia ni nani. Angalizo moja: mashoka matupu bila magogo yatawatangulia, saa 4 na dakika 12. Hayo hamtayawahi kwa panga.

Balozi Mstaafu

Hesabu nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini Mjumbe, ukiifuata usimwandikie wa kaskazini "tumetoa askari" halafu usiku wanarudi. Huo ni uongo wa kumwonyesha ghala tupu wakati magunia umeyaficha uani. Kama mpango ndio huo, mwambie kwamba mpango ndio huo.

Mkulima wa Mpakani

Akimwambia hivyo, si ndiyo vita?

Balozi Mstaafu

Huenda. Lakini itakuwa vita anayoijua saa yake ya kuanza. Na huyo wa mpakani ataijua pia.

Nahodha wa Meli Kuukuu

Mimi ni wa EVE Online, mchezo wa meli za angani, si wa vijiji, lakini nimesoma hadi hapa na kuna kitu hakijaguswa. Umesema ndani mmegawanyika. Nani ana haki gani kwenye kabila lenu?

Mwaka 2009 Band of Brothers, uliokuwa miongoni mwa miungano yenye nguvu kuliko yote kwenye mchezo wetu, haukuvunjwa na meli za adui. Mkurugenzi wake mmoja alihamia upande wa GoonSwarm, muungano adui, akiwa bado na haki zake zote, akauvunja muungano kutoka ndani. Na ile vita ya B-R5RB ya Januari 2014, iliyochukua saa kama 21 na kuteketeza meli 75 za aina ya Titan, zile kubwa kuliko zote, ilianzia kwenye ada ya umiliki wa mfumo wa nyota ambayo haikulipwa. Pande zote zilikuwa na washirika wa kujaza anga, lakini mlango ulifunguliwa na bili.

Sisemi mwenzenu wa mpakani ni msaliti. Mtu anayeogopa ana haki ya kuogopa. Nasema kabla mabishano hayajapanda, kaeni wawili watatu mtazame orodha ya haki, ya ualikaji, ya diplomasia, ya kutuma barua kwa wote. Na huyo wa mpakani mwingizeni kwenye chumba cha maamuzi badala ya kumpelekea maamuzi. Mnabishana juu ya ngozi yake.

Mjumbe wa K45

Nimerudi, wakuu. Zimebaki saa chache, nawapa taarifa.

Usiku ule nilimwandikia kiongozi wa mashariki kabla sijalala. Nilifuta barua mara nne, nikaishia na mistari sita. Alijibu baada ya dakika kumi: "Asante kwa kuniambia mapema." Akaniambia pia kwamba kijiji chenyewe yuko radhi kukiacha, lakini aliyekiteka hataki, na hawezi kumlazimisha mtu ambaye leo ndiye anayeshikilia ukuta wao.

Mwenye vijiji 11 tumemwingiza kwenye baraza. Nilitegemea apige kura ya kujitoa. Alisema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: anachokitaka ni panga zirudi zisimame kwake mchana, wakati yeye hawezi kuingia kwenye mchezo. Usiku yuko macho. Akaomba zamu ya usiku awe wa kwanza.

Kisha nikaandika barua moja, nikaituma kaskazini na mashariki kwa maneno yale yale, kila mmoja akijua mwenzake ameipata: askari wanatoka leo saa 12 jioni. Hatutashambulia kijiji chochote cha kaskazini. Mwinyi akitumwa kwa mshirika wetu, tutampelekea ulinzi. Kama kwenu huo ni uvunjaji, tunaomba saa 72 za notisi kabla ya shambulio la kwanza.

Balozi wa kaskazini amejibu: "Saa 72 tunakubali. Kuhusu msaada, hatukubali wala hatukatai. Nitawauliza wangu." Barua ya kwanza aliyoniandikia ilikuwa ya amri. Hii si ya amri. Sijui niisome vipi, lakini nimeisoma mara nyingi.

Askari waliondoka saa 12 jioni kama nilivyoandika. Waliobaki wa panga ni 3,700.

Saa 1:41 usiku, kabla hawajafika nyumbani, mashariki wamenitumia picha: mashambulizi matatu kwenye kijiji cha mbele, la kwanza linafika saa 9:51. Kijiji linakotoka kiko miraba 14 kamili. Saa 8 na dakika 10. Nimehesabu mara tatu, mwenye vijiji 11 naye kahesabu kivyake akapata hiyo hiyo.

Panga 2,400 nyingine za wanachama wa nyuma zimetoka saa 2:05. Zitafika saa 7:13. Nimemwandikia balozi wa kaskazini kwamba zimetoka, idadi yake na saa ya kufika.

Nipo kwenye zamu hadi asubuhi.