Dengue mara ya pili eti ni kali zaidi? Kinga si inakuwepo tayari?

Mtu_wa_Igoma: Wakuu kwema? Kaka angu aliugua dengue Dar 2014 akapona, miaka hii tuko nae hapa Mwanza ila anarudi Dar kikazi, sasa dokta kamwambia awe makini kuliko hata ambae hajawahi kuugua. Mi sielewi, sisi kanda ya ziwa malaria tumeugua toka wadogo mwili ukazoea, ukubwani inakugusa unanyanyuka. Hii imekaaje?

Maabara_Nyakato: Dokta yuko sahihi mkuu, usichanganye na malaria. Dengue ni kirusi na ziko aina 4. Ukiugua moja unapata kinga ya kudumu kwa hiyohiyo, zingine inakukinga kwa muda tu kisha inashuka. Ikija aina nyingine, kingamwili za zamani (vile vitu mwili unatengeneza kumshika mdudu) zinamshika kirusi ila hazimmalizi, halafu kuna chembe nyeupe za damu kazi yake ni kumeza chochote kilichoshikwa na kingamwili, zinambeba mpaka ndani na humo ndo anazaliana vizuri, yani mlinzi kamfungulia mwizi geti. Dar 2014 ilikuwa aina ya 2, ile ya 2019 aina ya 1, so kaka ako anahusika kabisa. Cuba walipata aina ya 1 mwaka 1977, ilipoingia aina ya 2 mwaka 1981 wakafa watu 158, wengi watoto.

Jembe_Kirumba: Hizi stori za kutuogopesha chanjo tu

Maabara_Nyakato: Hakuna aliyetaja chanjo hapo, ila umegusa penyewe. Ufilipino walichanja watoto zaidi ya laki 8 kwa Dengvaxia, chanjo ya dengue, kuanzia 2016, 2017 Sanofi wenyewe, kampuni inayoitengeneza, wakasema asiyewahi kuugua akichanjwa anaweza kuumwa vibaya akiambukizwa baadae. Ndo maana wakaanza kupima damu kwanza kuona kama mtu aliwahi kuugua. Chanjo ya surua haina shida hiyo kwahiyo usizijumlishe.

Nesi_wa_zamu: Naongezea, wengi hata mara ya pili wanapona msitishane. Ila homa ikishuka ndo muwe macho, tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, hapo hospitali fasta. Paracetamol tu, diclofenac na aspirin achaneni nazo maana zinaongeza kuvuja damu. Na mbu wake anauma mchana, anazaliana kwenye tairi na madumu sio ziwani.

Mtu_wa_Igoma: Asanteni sana. Kwahiyo mtoto mchanga yuko salama, si ndo mara ya kwanza?

Nesi_wa_zamu: Hapana aisee. Mama akiwa aliwahi kuugua anampa mtoto kingamwili tumboni, zikishapungua, miezi ya katikati kabla hajafika mwaka, anaweza kuumwa vibaya hiyohiyo mara ya kwanza.